Pembe Haitumwi

Fundi hakuwa na salamu kabla ya kumalizana na ekeri yake, kipimo chake cha pembe mraba. Ungefika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, ukamwambia, "Wavukire, Fundi," naye asikuitikie. Alikuwa ameinama juu ya ubao ulionyooka, ameegemeza ekeri ukingoni, anachora mstari kwa kalamu aliyoichonga kwa wembe. Kisha aliigeuza ekeri ikaangalia upande wa pili, akaisogeza mpaka kwenye mstari uleule, akachora tena. Mistari miwili ikilaliana, alinyoosha mgongo na kuitikia salamu ambayo wewe mwenyewe ulikwisha kuisahau. Ikiachana hata kwa unene wa unywele, siku imeharibika, na lazima ajulikane aliyeiangusha ekeri. Mara nyingi hakuna aliyeiangusha.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta. Chumba changu cha kushonea na karakana yake vilitenganishwa na mbao za mkaratusi alizozipigilia yeye mwenyewe zamani, kabla mkono wake haujakomaa, na zilikuwa zimeachana kila mahali. Vumbi la mbao lilipita humo likaingia kwenye vitambaa vyangu vyeupe vya komunyo. Nililalamika miaka mingi. Alijibu kwamba mlio wa cherehani yangu nao unapita kwenda kwake, na yeye hajawahi kuurudisha. Aliniita Mama Mashini. Mimi nilimwita Fundi, kama mji mzima, na mpaka leo mtu akisema "fundi" bila kuongeza neno, ni yeye ninayemwona.

Alitengeneza milango, vitanda, makabati, lakini sifa yake ilikuwa fremu na bageti. Bageti ni vile vipande vyembamba vinavyozunguka dari ya sebule, kufunika mahali triplex, ile mbao bapa ya dari, inapokutana na ukuta. Mtu akiingia nyumbani kwako, anatazama juu, na kama bageti zimekaa vizuri anajua kwamba wewe si mtu wa ovyo. Shida iko pembeni, pale bageti ya ukuta huu inapokutana na ya ukuta ule. Kila moja hukatwa mshazari, ili mbili zikikutana zifumbe kabisa. Ukikosea kidogo kwenye moja na kidogo kwenye ya pili, makosa hayo hujumlishana, na pembe inafungua mdomo mbele ya wageni.

Vitabu vinasema pembe ya nyumba ni sawasawa na ya ekeri, kwa hiyo kila bageti ikatwe nusu ya hapo, na mambo yameisha. Fundi alicheka habari hiyo. "Kuanza Kimemi mpaka hapa Vulamba," alisema, "hakuna pembe hata moja ya kweli. Nyumba zote zilijengwa na bashemeji." Alisema hivyo kwa furaha, kwa sababu ndicho kilichomlisha. Alikuwa na chombo kingine, mpini wa mbao wenye ulimi wa chuma unaozunguka na kukazwa kwa skrubu, alichokiita ekeri ya bongo, yaani ya uongo, kwa kuwa haikushika pembe yoyote ya kwake. Alipanda kwenye kiti, akausukuma ulimi mpaka ukalala kwenye kuta zote mbili, akakaza skrubu, akashuka nayo taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Kisha aliichora pembe ile kwenye ubao, akachukua uzi na msumari, akaigawa katikati. Hakutumia namba. Nusu ya pembe ilivyo, siyo nusu ya pembe inavyotakiwa kuwa.

Bado hakukata bageti yenyewe. Alikata vipande viwili vya mbao ya kutupa, akaviunganisha, akaviinua dirishani. Mwanga ukipita katikati, anarekebisha na kukata vingine. Niliwahi kumwona akimaliza asubuhi nzima hivyo, na mteja amekaa kwenye kigogo akipiga miayo.

Wateja wakubwa walijaribu kumtumia vipimo. Mfanyabiashara mmoja wa Kimemi alimtuma dereva wake na karatasi iliyochorwa vizuri kwa rula. Fundi aliikunja ile karatasi akamrudishia.

"Pembe haitumwake," alimwambia. "Mutu njo anaendaka ku pembe."

Dereva akasema bosi atakasirika.

"Akasirike. Akimaliza, aniitie."

Akaitwa. Alivuka mji kwa miguu na ekeri ya bongo ndani ya shati, akaigusa ile pembe kwa vidole kabla ya kuipima. Huo ndio ulikuwa msimamo wake: hakati mbao kwa ajili ya pembe ambayo mkono wake haujaigusa. Mlikumbuke neno hilo, kwa maana ndilo lililokuja kumkamata.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni ule mchanganyiko wa vumbi la mbao na kole, yaani gundi, ambao mafundi wengine huupaka kwenye nyufa. Alikiita uji wa wavivu. Mteja akimwambia apake kidogo tu, nani ataona, jibu lilikuwa moja: "Buji iko ya batoto na bagonjwa." Kisha alikitupa kipande na kuanza upya. Mkewe alivikusanya vile vipande vilivyokataliwa akapikia. Alisema maharagwe yake hupikwa kwa mbao nzuri kuliko kiti cha padri.

Mimi na yeye tuligombana sana kuhusu pembe, kwa sababu hata mshonaji anazijua. Kitambaa cha meza kina pembe nne, na kila moja hukunjwa mshazari ikafumbwa. Nilimwambia kazi ni ileile.

"Nguo inasameheaka, Mama Mashini. Unavuta kidogo, unapiga pasi, bibaya byote binaisha. Mbao haiko na huruma."

"Njo maana unafananaka nayo," nikamwambia, na upande wa pili wa ukuta mkewe akacheka mpaka akakohoa.

Watu walimletea pia ugomvi wao. Ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba, shemeji na shemeji hawasalimiani, walikuja kukaa kwenye maranda pale. Fundi hakuwahubiria. Alichukua vipande viwili, kimoja akakikata mshazari mkubwa, cha pili mdogo, akaviunganisha. Vilifumba, lakini kimoja kilikuwa kimekuwa kirefu mdomoni na ukingo wake ukatokeza nje kwa aibu. "Munaona," alisema. "Hapa mumoja amebeba yote. Inafunga, mais haipatane." Kisha alikata vingine viwili, kila kimoja nusu yake, vikakaa. Wengine walielewa wakaenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja. Wengine walimwona mtu wa ajabu wakaenda kwa chifu.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Mlango wa nyumba yake mwenyewe haukufunga. Aliufunga kwa ukanda wa mpira kutoka kwenye tairi ya baiskeli. Aliimba besi kwenye kwaya, chini kidogo ya noti kila Jumapili, naye ndiye aliyewakaripia wenzake kwamba hawasikilizi. Hakuazimisha hata penseli. Lakini miaka ya vita, watoto walipokufa kwa surua, alitengeneza majeneza madogo bila kumtaja mtu bei, na kwenye mfuniko alizungusha bageti nyembamba, pembe nne zimefumba kabisa. Nilimuuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimechoka kulia, ni nani ataziona huko chini.

"Miye nimesha kuziona," akasema, akaendelea kupiga msasa.

Na huyu mpatanishi wa watu wote, aliyejua kugawa kosa nusu kwa nusu, kwake mwenyewe hakugawa kitu. Hapo ndipo inapoingia habari ya binti yake.

Miaka ile majeshi yalibadilika kuliko misimu. Waliokuja walipita na kila jina, lakini kwenye barriere, vile vizuizi vya barabarani, wote walizungumza Kilingala. Kundi moja lilikaa siku kadhaa kwenye ua wa Fundi. Juu ya dari ya karakana alikuwa ameweka mbao za libuyu kutoka misitu ya Beni, mbao nyekundu nzito aliyokuwa akiikausha tangu binti yake akiwa mdogo. Walizishusha, wakazipasua, wakapikia. Alisimama mlangoni akanusa moshi ule mtamu. Walibakiza vipande viwili ambavyo hawakuviona nyuma ya triplex. Tangu siku hiyo Fundi hakuvumilia Kilingala. Redio ikipiga wimbo wa Kinshasa, aliizima, hata kama si redio yake.

Sasa binti akampenda kijana wa posta. Kijana alitoka mbali, mtu wa mtoni, kutoka jimbo la Équateur, kunakosemwa Kilingala, aliyepelekwa Butembo na serikali kabla ya vita na akasahaulika humo. Posta haikuwa na barua wala stempu. Aliifungua kila asubuhi, akafuta meza, akapanga mihuri, akaifunga mchana. Mimi nilimpenda kwa hilo. Mtu anayefuta meza isiyo na barua, niliona, atafuta pia machozi ya mke. Na kwa kuwa nilimshika binti siku ya kipaimara chake, mimi ni mareni wake, nilikuwa na haki ya kusema, nikasema.

Siku ya mahari kijana alileta mbuzi, kama tunavyotaka sisi Wanande, na mbuzi wenyewe walikuwa wazuri. Shida haikuwa mbuzi. Mjomba wake, mzee aliyesafiri njia ndefu na Kiswahili chake kikaishia njiani, alisimama kwa heshima katikati ya ua, akavua kofia, akamgeukia Fundi.

"Mbote na bino banso," akasema. "Bokilo na ngai, toyei na kimia."

Maana yake ni salamu kwenu nyote, mkwe wangu, tumekuja kwa amani. Bokilo ni mkwe, neno la heshima kabisa. Lakini lilitamkwa kwa lugha ile, kwenye ua uleule. Fundi aliinuka. Tulidhani anakwenda kumkumbatia. Aliingia karakana, na tukasikia randa ikianza kwenda na kurudi. Wazee waliendelea kuongea, mdogo wa Fundi akapokea mbuzi, kasiksi ikanywewa, na muda wote huo randa haikusimama. Alipotoka, ubao mzima ulikuwa umegeuka maranda.

Kanisani siku ya ndoa alikuja, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya picha. Baadaye kijana alihamishiwa posta ya Beni, nayo haina barua, wakapanga nyumba mtaa wa Bungulu. Fundi hakufika huko. Mkewe alikwenda, mimi nilikwenda kila nilipopeleka yunifomu za shule kuuza. Yeye alisema barabara ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli. Magari yaliporwa, watu walirudi bila viatu. Ila wiki ileile aliyosema hivyo alikwenda Lubero kutafuta mbao, na barabara ya Lubero ilikuwa mbaya mara mbili.

Binti akazaa, mtoto wa kike, na nilipokwenda kumwona nikauliza ubatizo ni lini.

"Mareni, mutoto hatabatizwa mpaka Tata afike," akasema, yaani baba yake.

"Unachezea maji ya batizo na vita iko mu pori? Mutoto akishikwa na homa?"

"Tata atakuya."

Nilimwona amekonda. Hakuwa anatania. Alikuwa akiamka kila saa kumgusa mtoto paji la uso, mama mkwe wake alikuwa ametuma maneno ya kumlaumu, padri alikuwa amemuuliza mara mbili, na bado alishikilia. Ni mtoto wa baba yake. Niliogopa sana kwa ajili ya wote watatu, mtoto, mama na babu, na nilipofika Butembo nilimwambia Fundi kila kitu, kupitia nyufa za ukuta, kwa sauti ambayo na wapita njia waliisikia. Randa ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea.

Safari iliyofuata binti alinipa kifurushi. Ndani ya kitenge kulikuwa na vijiti viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa msumari uliokunjwa nyuma, vimekaa kwa pembe fulani, vimekazwa.

"Ni pembe ya salon yetu," akasema, yaani sebule. "Mupe Tata. Mwambie bageti zetu zilianguka, na fundi wa hapa anapakaka buji."

Aliyasema hayo akiangalia pembeni. Nilivibeba vile vijiti mapajani njia nzima, sikuviegemea, sikuviweka chini, hata kwenye barriere.

Fundi alivipokea kwa vidole viwili. Nilingoja aseme pembe haitumwi, avikunje, anirudishie. Aliviweka kwenye ubao, akaviangalia, akatembea kuzunguka meza, akaviangalia tena.

"Nani alijenga hiyi nyumba? Kipofu?"

"Uende ukaulize."

Nikaona mkono unatafuta uzi. Moyo ulitaka kumfanyia binti kazi, na miguu haikutaka kwenda, basi akakubaliana na nafsi yake kwa njia ya kuvunja msimamo wake. Akagawa ile pembe katikati, akakata vipande vya kujaribia, akaviinua dirishani mpaka mwanga ukakata kabisa. Kisha akapanda darini, akashusha kipande kimoja cha libuyu iliyobaki. Nilijua mbao ile ni nini kwake. Alikata bageti mbili, akazipaka nta, akazifunga kwenye gunia, na hakutuma salamu yoyote kwa mtu yeyote.

Mkwe wake alizipigilia mwenyewe mbele yangu. Majirani wa Bungulu walikuwa wamekuja kuona kazi ya fundi mkubwa wa Butembo. Kuta zilimezwa na uzuri wa mbao ile mpaka pembeni, na pembeni palikuwa wazi. Kidole changu cha mwisho kiliingia. Jirani mmoja akasema kwa upole kwamba labda huko Butembo kwenye baridi pembe ni nyingine.

Nilimrudishia Fundi habari bila kuipunguza. "Pembe yako inacheka," nikamwambia. "Bungulu yote inaiangalia."

Alikaa kwenye kigogo cha wateja, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. "Inafunguka ndani ao ku ukuta?"

"Ndani, kwa batu."

"Hapana mbao, basi. Mbao ilikauka. Ni pembe ilifungana mu njia." Akanitazama. "Uliikalia."

"Niliibeba kupita vile nilibeba batoto yangu."

Halafu akasema neno ambalo alikuwa amewaambia watu nusu ya mji, safari hii akijiambia mwenyewe: "Pembe haitumwake." Kesho yake asubuhi tulikuwa juu ya lori. Alibeba msumeno umefungwa blanketi, kipande cha mwisho cha libuyu, na ekeri ya bongo ndani ya shati.

Kwenye barriere askari kijana aliuona mpini unatokeza kifuani. "Oyo eloko nini?" akauliza, ni kitu gani hiki. Fundi aligeuka jiwe. Nikajibu mimi, kwamba ni ya kupimia pembe. Askari aliichukua, akaufungua ulimi na kuufunga, akaipima kwenye kiwiko chake mwenyewe, akakunja mkono na kunyoosha, akafurahi. Akamwonyesha mwenzake. Kisha akairudisha kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefundishwa vizuri, na lori likaondoka. Fundi alikuwa akiiangalia ekeri njia yote ya kwenda Beni. Sikumuuliza anawaza nini.

Bungulu kulikuwa na joto. Mkwe alitoka na mikono yenye maji, alikuwa anafua nepi. "Karibu, Tata," akasema, kwa Kiswahili chetu, alichojifunza mpaka kikanyooka. Fundi alimpita. Binti alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, naye pia Fundi alimpita, ingawa hapo alipunguza mwendo. Alikwenda moja kwa moja pembeni, akavuta kiti, akapanda. Kiti kiliyumba. Mkwe akaja akakishika.

Alizing'oa zile bageti mbili, akazigusa kuta kwanza kwa vidole. Akapima, akakaza skrubu, akashuka taratibu, akalinganisha na vile vijiti. Akamtazama binti yake kwa muda. Aliigawa pembe juu ya meza ya kulia, akachora mstari kwenye kipande cha libuyu, akakata bageti ya kwanza. Msumeno ulipita kama unateremka mlima. Kisha akamnyooshea mkwe ule msumeno, mpini mbele.

"Kata yako."

"Tata, sijakata mbao hata siku moja. Miye nilizoea kupiga muhuri ku barua."

"Na barua ziko wapi?"

"Haziko, Tata."

"Basi. Nyumba iko yako, nusu iko yako. Kata."

Mpaka leo sijui kama alitaka kumjaribu ama kumheshimu. Nilichojua ni kwamba hakukuwa na libuyu nyingine, si pale wala Vulamba. Kijana aliinama. Jasho lilimdondoka juu ya mstari. Alianza vizuri, katikati msumeno ukapotea kidogo, akaurudisha, akamaliza. Walipanda wote wawili, kila mmoja kwenye kiti chake, kila mmoja na bageti yake, wakazisukuma zikakutana. Zilikutana. Lakini katikati palibaki wazi unene wa ukucha, na mwanga wa dirisha ukapita hapo bila haya.

Nilimwona binti ameshika kitenge cha mtoto kwa mikono miwili. Niliwaza: sasa anashuka, anafunga blanketi lake, na mtoto huyu atakaa bila jina mbele ya Mungu mpaka tutakapokufa sote.

Fundi alishuka. Akaenda mezani, akakusanya vumbi la mbao, lake na la mkwe, akalichanganya kwenye kiganja.

"Kole iko?"

Mkwe alisema iko ya posta, ile ya kubandikia bahasha.

"Hapana. Iko yangu mu mufuko." Akaimimina, akakoroga kwa kidole. Alipoona tunamtazama, akasema kwa ukali, "Munaona nini? Nyumba iko na mutoto, haiwezi kukosa buji."

Akapanda, akaupaka ufa ule kwa dole gumba, mara moja, mara mbili, na kuufuta kwa mkono wa shati. Kisha akashuka, akamgeukia binti, akasema, "Lete mutoto nione." Nililia hapohapo, sioni sababu ya kuficha.

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Safari hii Fundi alibaki kwenye picha, amekunja uso, amemshika mjukuu kama ubao uliochorwa tayari. Jioni tulipokuwa tunaosha sahani, mimi na binti, nikamwambia bado naumwa kwamba baba yake alinisingizia kukalia vile vijiti.

Akacheka, akaziba mdomo. "Hukukalia, Mareni. Niliifunga ile pembe kidogo miye mwenyewe mbele ya kukupa."

"Uliyua atakuya?"

"Tata anaweza kubaki bila kuniona," akasema. "Hawezi kubaki na pembe inafunguka."

Nafikiri Fundi alijua tangu pale alipolinganisha vijiti na ekeri. Hakuwahi kumuuliza.

Siku hizi hakai tena Butembo. Baridi ya Vulamba ilimuingia magotini, na yeye na mkewe wakahamia Bungulu, chumba cha nyuma. Ukuta wangu umekuwa kimya. Aliyepanga karakana yake anauza simu. Mara ya mwisho nilipopita kumwona nilimkuta sebuleni, kwenye kiti kilekile, macho yameingia ukungu kidogo, mjukuu wake anamsomea misa ya Jumapili kwa sauti na yeye anamsahihisha pasipo na kosa. Niliangalia juu. Libuyu imekolea wekundu, na pale pembeni uji umekuwa mweusi, mstari kama kovu la zamani. Mtu yeyote akiingia anauona kwanza.

Tulikuwa tunakunywa chai alipoingia fundi kijana wa mtaa, aliyeitwa kurekebisha bawaba ya mlango. Alisalimia, akatazama dari kama mafundi wanavyotazama, na jicho likasimama pembeni.

"Sokulu," akasema kwa heshima, yaani babu, "nani aliharibu hiyi pembe? Niko na mbao kwa gari. Nikukatie ingine, hapana kulipa."

Fundi hakugeuza kichwa. Hakuwa na haja; aliijua ilipo. Aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

"Wacha," akasema. "Ni bokilo wangu njo alikata."

Kijana alingoja aongezewe neno. Hakuongezewa, akaenda kufanya bawaba yake.